Jaribu Tena Baadaye

Kazi yangu ilikuwa barua. Asubuhi nilizipanga, saa tatu na nusu nikapakia toroli, na kufika adhuhuri nilikuwa nimepita ghorofa zote tisa za kampuni ile ya bima, katikati ya Columbus. Lakini siku za Alhamisi, saa nne kamili, niliacha toroli kwenye korido ya ghorofa ya saba, nikaingia chumba cha vioo na kupewa kalamu niandike ubaoni.

Ilianza kwa kikaratasi. Mkuu wa kamati ya ghorofa ya saba, Trish Gallo, alikuta nimembandikia mlangoni: "Mzigo wako uko chini. Ni mzito, njoo na mtu." Akashuka nacho mkononi hadi chumba cha barua.

"Nani kaandika hii?"

Bosi wangu, Otis Pettway, akainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa. "Mimi simo. Mwandiko wangu ni kuku kakanyaga wino."

"Ni mimi," nikasema.

"Umesomea wapi?"

"Nyumbani. Mpaka darasa la nane."

Sikuongeza kwamba la nane ndilo la mwisho. Kwetu ni Kaunti ya Holmes, kwa Waamishi, Wakristo wanaoishi bila umeme wala magari, na mtoto wa Waamishi akimaliza la nane amemaliza. Kilichobaki atajifunza zizini na jikoni. Lakini mwandiko tulifundishwa saa nzima kila siku, maana nyumbani hakuna simu, na mtu aliye mbali utampata kwa barua tu. Niliondoka nikiwa na miaka kumi na tisa, kabla ya kubatizwa, na kwetu anayetengwa ni aliyebatizwa, kwa hiyo hakuna aliyenitenga. Walinyamaza tu. Kuna kibanda cha simu mwisho wa njia ya shamba letu, wanakitumia nyumba nne. Jumamosi saa tisa mchana mimi hupiga, na kama kuna mtu anapita anaichukua. Mara nyingi hapiti mtu. Naisikia ikilia upande wa pili, nami najua kabisa inalilia nini: mlango wa mbao, kalenda ya mwuza mbegu, na nyasi.

"Nina watu kumi na wawili," Trish akamwambia Otis, "wana shahada za kutosha kuezekea nyumba, na hakuna hata mmoja anayeweza kuandika neno ubaoni likasomeka. Niazime huyu kila Alhamisi."

"Mchukue. Ila akirudi anajua kompyuta mimi namkana."

Kazi ya kamati ilikuwa kuandika sentensi moja. Mwaka ule, 2006, wakubwa walikuwa wameamua kompyuta zote za kampuni zipangwe upya kwa mtindo uliosifiwa kila mahali, usanifu wa huduma. Kabla ya kupanga, lazima ijulikane huduma ni nini. Programu itakayoingia katika sentensi hiyo itatunzwa na kupewa mtu wa kuilea. Isiyoingia itazimwa. Walikuwa wamepewa wiki mbili. Mimi niliingia wiki ya tano.

"Andika," alisema bwana wa idara ya madai. "Ni programu ndogo ndogo, kila moja na kazi yake, zinazoulizana na kujibizana."

Nikaandika.

"Hiyo tunayo tangu themanini na tano," akasema mwenzake wa hesabu. "Kama ni hiyo, tufunge mkutano tukale."

"Si programu hata kidogo," akasema mama wa mauzo. "Huduma ni kazi ya kampuni. Kumsajili mteja, hiyo ni huduma. Kompyuta haihusiki."

"Kompyuta haihusiki kwenye usanifu wa kompyuta?"

"Umenisikia vizuri."

Nikafuta, nikaandika upya. Ziwe zisizofungamana sana. Sana kiasi gani? "Kama mimi na mke wangu wa kwanza," akasema bwana wa madai, wakacheka, kisha wakabishana dakika arobaini juu ya neno "sana." Itumike na zaidi ya mmoja. Wawili wanatosha? Kwa nini si watatu? Mshauri aliyeletwa kutoka Chicago alisema usanifu wa huduma hauuzwi dukani, halafu akatuonyesha picha za kile anachokiuza. Saa tano na nusu nilipangusa mikono, nikarudi kwenye toroli langu.

Otis aliniuliza kama sishangai watu wazima kugombania sentensi moja. Sikushangaa. Nimekulia mahali ambapo wazee wa kanisa walikaa majira mawili ya baridi wakiamua kama trekta iliyovuliwa matairi ya mpira na kuvishwa ya chuma bado ni trekta. Waliamua pia kwamba simu ya kibandani si simu ya nyumbani. Nilikuwa nikiwapelekea kahawa na mikate, nikawa naona jambo moja: hakuna aliyesema neno bila kuwa na kitu chake zizini anachokilinda. Hawa wa ghorofa ya saba walikuwa walewale, ila hawana ndevu.

Asiyesema kitu alikuwa Wendell Stukey.

Alikaa ghorofa hiyohiyo, meza ya kumi na mbili, mwisho kabisa karibu na ngazi za dharura. Umri wake miaka sitini na minne. Kwa miaka mitatu nilipita mezani kwake kila siku, na kila siku aliinua kichwa.

"Kuna kitu?"

"Leo hakuna."

"Kesho, basi."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Hakuna aliyemwandikia. Nilipoanza kuitwa kwenye kamati akaniona mtu wa kuongea naye, siku moja akanivutia kiti.

"Unajua trekta yangu ni ipi?" Nilikuwa nimemsimulia habari ya wazee wetu, na aliipenda sana.

Akageuza kompyuta yake nione. Herufi za kijani juu ya weusi, bila picha, bila rangi nyingine. Programu hiyo aliiandika mwaka 1981, na jina lake ni Yuko Wapi. Unaipa jina la mfanyakazi, inakupa ghorofa na meza. Basi. Haifanyi kingine.

"Niulize mtu."

"Otis Pettway."

Akaandika. Ikajibu: chini, chumba cha barua, meza ya kwanza.

"Sasa niulize aliyeondoka."

Sikumjua aliyeondoka. Akaandika mwenyewe, taratibu, kwa vidole viwili: Joanne Stukey. Ikajibu: ghorofa ya tatu, meza ya arobaini, dirishani, mpaka Machi 1988.

"Mke wako?"

"Alikuwa karani wa madai. Aliugua." Akaitazama skrini. "Programu nyingine zingesema hakuna mtu wa jina hilo. Hii niliiandika isimfute mtu. Ukishakaa hapa, umekaa. Inasema ulikuwa wapi na mpaka lini."

"Huwa unamwuliza?"

"Asubuhi, kabla ya kahawa."

Nikasogeza kiti karibu.

"Nyumbani nimebaki na sahani zake tu," akasema. "Dada yake alikuja na maboksi, nikasema chukua, chukua, sikujua ninachosema. Hapa ndipo mahali pekee ninapouliza habari zake nikajibiwa. Wakiizima hii, Saloma..." Akafuta vumbi ambalo halikuwapo juu ya kibodi.

Nikamwomba aulize jina langu. Akaandika Saloma Raber, na herufi za kijani zikasema hakuna mtu wa jina hilo. Akaona aibu kuliko mimi.

"Ninyi wa barua mmeajiriwa na wakala," akasema haraka haraka. "Otis ni wa zamani, yumo. Orodha inatoka ofisi ya ajira, si mimi."

"Haina neno."

"Ina neno bwana. Ni upuuzi."

"Na watu gani wengine wanaiuliza, zaidi yako?"

Akajikuna shavu. "Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Zamani iliandika kila aliyeuliza. Mwaka tisini na nne diski ikajaa, nikaiambia iache kuandika kwanza. Nilidhani wiki moja tu. Sasa ikiulizwa inajibu, kama muungwana, lakini haijui nani kaiuliza. Nami sijui. Wanaweza kuwa hamsini. Ninaweza kuwa peke yangu."

Huko chini, chumba cha barua, tulikuwa na skrini yetu. Nyeupe na buluu, na nembo ya kampuni pembeni. Kiangazi kilichotangulia walikuja vibarua watatu wa kompyuta, wakaiweka kwa wiki tatu, wakaondoka, na hakuna aliyekumbuka majina yao. Ukiandika jina lililo kwenye bahasha, inakuambia ghorofa na meza. Haikufanana hata kidogo na ile ya Wendell. Kama zilijibu sawa, nilidhani zinajua kitu kimoja jinsi majirani wawili wanavyojua njia moja ya kwenda kisimani. Tena niliihitaji kwa nadra. Kampuni ilikuwa na watu elfu moja mia moja na arobaini, nami niliwajua kwa moyo, pamoja na nani kahamia wapi na nani anapenda barua zake ziwekwe kitini badala ya mezani.

Wiki ya kumi na nne kamati ilichoka. Ubao ulikuwa umejaa sentensi yenye mistari tisa, na mwisho wake ulipingana na mwanzo wake. Mshauri wa Chicago akatupa kalamu yake mezani.

"Tufanye wanavyofanya mafundi wakikuta mashine isiyo na mwenyewe," akasema. "Tunaizima. Halafu tunakaa kimya tusikilize nani anapiga kelele. Akipiga kelele mtu, ni huduma. Asipopiga mtu, ni takataka."

Bwana wa madai akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Hii ndiyo sentensi ya kwanza niliyoielewa tangu Juni."

"Kwa siku ngapi?" Trish akauliza.

"Jumatatu mpaka Ijumaa saa sita mchana. Na siku isitangazwe. Ukitangaza, watapiga kelele kwa ajili ya kupiga kelele."

Orodha ilikuwa na programu kumi na moja zisizojulikana nani anazitumia. Yuko Wapi ilikuwa ya sita. Wote wakamgeukia Wendell, maana walijua ni yake, ila hawakujua habari ya Joanne.

"Sawa," akasema Wendell. Ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti yake mle ndani. "Waisikie ikikosekana. Sawa."

Trish akanipa ishara. Nikafuta mistari tisa, nikaandika kwa herufi kubwa, kwa utulivu, jinsi nilivyofundishwa: Huduma ni kitu ambacho kikizimwa kuna mtu atapiga kelele. Chini yake akaniambia niandike: Usifute.

Jumatatu moja ya Oktoba, Otis akiwa Toledo kwa binti yake aliyejifungua, nilifungua chumba cha barua peke yangu. Bahasha ya tatu ilikuwa ya mtu nisiyemjua, mgeni. Nikaandika jina lake kwenye skrini nyeupe na buluu. Ikafikiri kwa muda mrefu, ikaandika: Samahani. Jaribu tena baadaye.

Basi nikajaribu tena baadaye.

Saa nne ilikuwa hivyohivyo. Saa nane vilevile. Sikuona ajabu, mashine ile ilikuwa na homa zake, kila mwezi iliugua siku moja mbili ikapona yenyewe. Juu yake palikuwa na kibandiko: Tatizo? Piga 4400. Nilikiona. Niliwafikiria watu wa 4400, jinsi walivyo na kazi nyingi, na mimi nina bahasha moja. Kwetu mtoto hufundishwa kungoja kabla ya kufundishwa kutembea. Mama akiungua mkono jikoni hutajua mpaka uone kitambaa. Nikaenda na ile bahasha ghorofa kwa ghorofa nikiuliza, nikampata yule mgeni ghorofa ya tano, kajificha nyuma ya nguzo.

Nilipofika meza ya kumi na mbili skrini ya Wendell ilikuwa nyeusi tupu.

"Imeanza?" nikauliza.

"Leo asubuhi." Mkono wake ulikuwa karibu na simu. Trish alikuwa amemwahidi kwamba mtu akipiga 4400 kulalamika juu ya Yuko Wapi, watamjulisha papo hapo. "Bado. Ni mapema."

Jumanne akasema, "Bado."

Jumatano hakusema. Alitikisa kichwa tu, na kahawa yake ilikuwa imeganda utando juu. Nikaingia lifti, na kwa kuwa hapakuwa na mtu, nikamwomba Mungu kwa sauti: mmoja tu, mtu mmoja tu ainue simu. Kisha nikashuka chini, nikajaribu tena kwenye skrini yangu. Samahani. Jaribu tena baadaye.

Leo nikiyasimulia naona wazi, na anayesikiliza ameona kabla yangu. Wakati ule sikuona. Nilikuwa na kiburi, ndiyo kweli yenyewe. Wiki nzima niligawa barua za watu elfu moja na zaidi bila msaada wa mashine, na hakuna hata moja iliyochelewa. Wageni watatu, nikawatafuta kwa miguu. Otis akipiga simu kutoka Toledo kuuliza hali, nilimwambia shwari.

"Hakuna tatizo lolote?"

"Hakuna. Mtoto hajambo?"

"Ana kichwa kama boga na sauti kama king'ora. Hajambo kabisa."

Ijumaa saa sita ikapita. Saa saba na robo Wendell alishuka chini. Hajawahi kushuka. Alikuwa na boksi tupu, akaniuliza kama nina gundi ya karatasi, kisha akakaa kwenye kiti cha Otis kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Nane kati ya kumi na moja zilipigiwa kelele," akasema. "Nyingine ilikuwa inawasha taa za maegesho, ungeamini? Watu walipiga kelele dakika kumi tu baada ya giza. Yangu hapana. Siku tano, hata mmoja. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa naongea peke yangu."

Nilikuwa na bahasha mkononi, jina geni, na mikono yangu ikafanya ilichozoea. Nikaandika jina kwenye skrini.

Samahani. Jaribu tena baadaye.

Wendell alikuwa akitazama bila kutazama. Kisha akatazama.

"Hiyo inafanya nini?"

"Inasema mtu anakaa wapi. Lakini inaumwa."

"Tangu lini?"

"Jumatatu. Asubuhi."

Akasimama. Akaja karibu, akainama mpaka pua yake ikakaribia kioo. Akaniomba nafasi, akabonyeza vitu nisivyovijua, ukurasa wenye maandishi madogo ukatokea, akaufuata kwa kidole mstari hadi mstari. Kidole kikasimama.

"Hii hapa," akasema polepole. "Inaiuliza yangu. Wale vibarua waliiunganisha na yangu, hawakumwambia mtu." Akanigeukia. "Saloma. Mbona hukupiga simu?"

"Ilisema nijaribu tena baadaye."

Akanitazama. Akaanza kucheka, kicheko cha bila sauti, mabega tu, na machozi yakamtoka, akayafuta kwa kola ya shati. "Kwa hiyo alikuwepo mmoja," akasema. "Alikuwepo mmoja, na yeye ndiye mtu pekee Ohio nzima anayetii mashine."

Niliacha bahasha pale pale. Sikungoja lifti. Nilipanda ngazi ghorofa saba, na kamati ilikuwa bado chumba cha vioo, wanakula mikate ya nyama, karatasi zimetapakaa. Niliingia bila kubisha, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani.

"Napiga kelele," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. Nikarudia. "Yuko Wapi. Chumba cha barua kinaitumia. Napiga kelele."

Trish akaweka mkate chini. "Saa sita imeshapita, mpenzi."

"Imezimika tangu Jumatatu. Sikujua ni yenyewe."

"Ngoja," akasema bwana wa madai. "Barua ngapi zimechelewa?"

Ningeweza kusema kumi. Ningeweza kusema mia. Nilifungua mdomo, na ule mdomo umelelewa ninavyojua mimi.

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Wakatazamana. Trish ndiye aliyesema, na alisema kwa upole, ndiyo maana sikuweza kumchukia. "Saloma, umesikia unachotuambia? Ilizimwa wiki nzima, na hakuna kilichoharibika."

"Kwa sababu mimi nawajua watu wanakokaa."

Mshauri wa Chicago akatabasamu. "Basi huduma ni wewe," akasema, na wote wakacheka, hata Trish kidogo. Hakikuwa kicheko kibaya. Kilikuwa kicheko cha watu waliochoka ambao hatimaye kazi yao imekwisha. Trish akanyoosha mkono, akanipa kalamu. Palikuwa na orodha ya programu kumi na moja ubaoni, imeandikwa na mtu mwingine, haisomeki. Akaniomba niiandike upya kwa usafi, zile zinazobaki upande huu, zinazozimwa upande ule.

Niliandika. Ya sita niliandika upande ule. Mwandiko ulikuwa mzuri, kila mtu alisema.

Nilipomweleza Wendell, alikuwa ameshafunga boksi. "Ulisema kweli?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Ungesema uongo ningekupenda zaidi," akasema, "lakini si sana." Akanipa mkono. Mkono mkavu, mwepesi. Hatukuwa tumewahi kupeana mkono.

Walimkatia keki ya kumuaga wiki iliyofuata. Mimi nilikuwa ghorofa ya pili na toroli. Mezani kwake waliweka mashine ya kuchapia.

Kabla ya Krismasi watu waligundua kwamba mtu akihama meza hakuna pa kuulizia. Orodha mpya iliahidiwa majira ya kuchipua, ikafika Agosti. Katikati hapo neno lilienea kwamba chumba cha barua kuna anayejua, simu yetu ikaanza kulia. Ghorofa ya nane, ghorofa ya pili, lango kuu. Hawasalimu. "Fulani anakaa wapi?" Nawaambia. Wanakata. Hakuna aliyeniuliza jina. Otis alisema siku moja nitaota nembo ya kampuni kwenye paji la uso.

Jumanne moja ya Januari, theluji ikiwa imeziba dirisha letu dogo, ikalia saa mbili na nusu, mapema kuliko kawaida.

"Chumba cha barua," nikasema.

Upande wa pili nilisikia saa ya ukutani, na kijiko kikigonga kikombe.

"Joanne Stukey," ikasema sauti. "Anakaa wapi?"

Otis alikuwa akipakia magunia. Nikageukia ukuta.

"Ghorofa ya tatu," nikasema. "Meza ya arobaini, dirishani. Mpaka Machi 1988."

"Asante."

Akakata.

Jumanne iliyofuata akapiga tena, saa ileile, swali lilelile. Sikumwita jina, naye hakuniita. Nilijibu maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, maana nilifikiri ndivyo atakavyo. Ikawa hivyo Februari nzima. Jumamosi napigia kibanda cha nyumbani na hakuna anayepokea, Jumanne napokea.

Mara ya mwisho ya mwezi Machi alishukuru, na nikangoja akate. Hakukata.

"La pili," akasema. "Saloma Raber. Anakaa wapi?"

Hilo sikuwa nimeliandaa. Otis aliinua macho, akaona sura yangu, akajifanya kutafuta kamba.

"Chini," nikasema. "Chumba cha barua. Meza ya pili, karibu na mlango wa mizigo."

"Tangu lini?"

"2003."

Nikasikia penseli ikikwaruza karatasi, taratibu, mtu asiyeona vizuri akiandika kwa uangalifu. Herufi kwa herufi. Nilingoja mpaka amalize.